Mimea Yangu ya Majini Imepoteza Wekundu, na Arubuni Nimekwisha Kuipokea

BARUA

Mshauri mpendwa,

Assalaamu alaikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Lamu mjini, mtaa wa Mkomani. Ninaishi katika nyumba ya mawe ya ukoo wetu pamoja na nyanya yangu, mama yangu na ami yangu, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba tangu baba alipofariki. Naomba jina langu lihifadhiwe, kwa sababu mji wetu ni mdogo na jambo lenyewe linamgusa mtu tunayemheshimu.

Mwaka jana nilinunua tangi la kioo la lita 120 kutoka kwa mgeni aliyekuwa akihama, nikaliweka kwenye msana, ule ukumbi ulio ubavuni mwa kiwanda, yaani ule uwazi wa katikati ya nyumba, mahali ambapo jua la asubuhi huingia kwa muda wa saa mbili hivi. Nilianza na samaki wadogo tu. Lakini nilipoona picha za matangi yaliyopandwa mimea ya shina, ile inayosimama wima majini kama kichaka na ambayo ncha zake huwa nyekundu, za waridi au za rangi ya chungwa, sikuweza tena kutosheka na samaki peke yao. Mwanzoni mwa Desemba niliagiza aina nne kutoka Nairobi: Rotala rotundifolia, Rotala macrandra, Ludwigia repens na Hygrophila polysperma. Zilifika Mokowe kwa basi zikiwa zimeviringishwa katika magazeti mabichi, kila fungu limebanwa kwa kipande cha madini ya risasi, nikazivusha kwa boti siku ile ile. Usiku ule nilikaa mbele ya kioo mpaka nyumba yote ikalala.

Wiki ya kwanza alikuja kututembelea mama mmoja mtu mzima, mwenye nyumba ya wageni huko Shela, ambaye amenijua tangu nikiwa mtoto. Aliyaona majani mekundu, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia anataka tangi kama lile, kubwa zaidi, la lita 200, sebuleni mwake kabla ya wageni wa Pasaka. Tulikubaliana shilingi 60,000, na kabla ya kuondoka akanitumia arubuni ya 25,000 kwa M-Pesa.

Siku kumi baadaye majani yakaanza kuanguka. Rotala iliyokuwa na majani ya mviringo ilitoa majani membamba kama ya mmea mwingine kabisa. Macrandra ilijikunja ncha na kuoza kuanzia chini. Nilidhani ina njaa, nikatia kijiko cha mbolea ya NPK ya shambani, na kesho yake samaki watatu walikuwa wamekufa na kioo kimeanza kuota mwani wa nyuzi. Jirani alinishauri nitumbukize misumari yenye kutu ili mimea ipate madini ya chuma. Nilitengeneza pia chupa ya sukari na hamira ya kutoa gesi ya kaboni dioksidi.

Maji ya kisima chetu niliyapima kwa karatasi siku ya kwanza, yakaonyesha ugumu wa kaboneti (kipimo cha chokaa iliyoyeyuka) wa digrii 12 na pH (kipimo cha asidi) ya 8. Nikaamini kwamba hapo ndipo penye tatizo. Januari nilitoa shilingi 14,000 katika ile arubuni, nikanunua taa mpya na vipando vingine, na wiki ile ile nikaanza kuchota maji ya mvua kutoka kwenye jabia la nyumba, yaani tangi la kujengwa la kuhifadhia maji hayo, mitungi minne ya lita 20 kila wiki, wakati wa alfajiri kabla watu hawajaamka. Baada ya wiki tatu Ludwigia ilianza kupata wekundu. Lakini ami aliona alama ya maji ukutani imeshuka. Hakunigombeza, aliuliza tu mbele ya watu wote, wakati wa chakula cha usiku, maji yanakwenda wapi, na mimi nikanyamaza. Tangu siku hiyo nimerudia maji ya kisima, na kila jioni naongeza kama lita mbili kufidia yanayokauka, kwa kuwa sasa ni Kaskazi na kipimajoto kinafika nyuzi 31 adhuhuri. Nimesoma pia kwamba mimea ikinyimwa nitrati huwa myekundu, kwa hiyo kwa wiki mbili sijaipa mbolea yoyote, na kipimo cha nitrati kinaonyesha sifuri. Taa naiwasha saa 10 kwa siku. Sijaipogoa, kwa kuhofia kupoteza hata kidogo kilichobaki. Ndani ya tangi kuna mawe mawili ya matumbawe yaliyobaki tulipotengeneza ukuta, na juu ya changarawe nilitandaza mchanga wa ufukweni niliouosha mara saba.

Leo Ludwigia imerudi kuwa ya kijani iliyofifia, Rotala ni ya manjano, na majani ya zamani ya Hygrophila yana vitundu vidogo vya mviringo. Zimebaki wiki sita kufika Pasaka. Binamu yangu ananiambia niagize vichaka vilivyokwisha kuwa vyekundu siku mbili kabla ya tarehe, nivipande Shela, nipokee salio, na yatakayofuata yafuate. Mimi moyo unakataa, lakini fedha ya kurudisha arubuni yote sina. Je, niendelee kupigania wekundu katika maji haya yasiyofaa, nirudishe fedha kidogo kidogo na kuaibika, au nifanye kama anavyosema binamu? Na jabia, nimwambie nini ami?

Binti wa Mkomani

JAWABU

Wa alaikum salaam, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yako na mara ya pili kwa ajili ya mimea yako, na ninakushukuru kwa kuandika kila kipimo na kila kosa bila ya kujificha. Nikielewa vizuri, una mambo matatu yaliyosokotana: mimea inayofifia, ahadi uliyompa mama wa Shela, na maji uliyoyachota alfajiri bila ya idhini. Wewe umeyapanga kana kwamba yote yanatokana na kisima. Ningependa tuyafumue taratibu, nikianza na mimea, kwa sababu naona sehemu kubwa ya hofu yako kuhusu ahadi imetokana na alama ambazo mimea ilikuonyesha na wewe ukazichukulia kuwa ni maradhi.

Tazama ile Rotala. Neno rotundifolia ni la Kilatini, na maana yake ni yenye majani ya mviringo. Mashamba mengi ya mimea ya matangi huiotesha mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani, kwa kuwa hivyo hukua haraka na husafiri vizuri. Na ikiwa hewani majani yake huwa ya mviringo kweli. Ikizamishwa, huyaacha majani yale na kutoa mengine membamba yenye kufaa kuishi chini ya maji. Kwa hiyo mmea ulioudhania kuwa umegeuka kwa ugonjwa ulikuwa unahama makao, na majani yaliyoanguka siku ya kumi yalikuwa majani ya hewani ambayo yangeanguka hata katika tangi la fundi mkubwa. Kuhama huko huchukua wiki tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Jambo hili lina uzito kwako kwa sababu mbili. Kwanza, wekundu alioupenda mama wa Shela wiki ile ya kwanza haukuwa kazi ya tangi lako, ulikuja nao kutoka shambani. Pili, vichaka anavyokushauri binamu yako uviagize huenda navyo vikafanya vivyo hivyo, na hilo tutalirudia.

Kuanzia leo, unapoitazama mimea ya shina, zoea kuanza na ncha. Jani lililokwisha kuharibika halirudi, hata ukilitendea wema wote wa dunia. Ncha ndiyo inayoeleza maji yalikuwaje wiki iliyopita. Pingili zikiwa ndefu na majani yakiachana, mwanga haufiki wa kutosha. Ncha ikiwa nyeupe huku majani ya chini yakiwa mazima, chuma ni haba. Majani ya zamani yakigeuka manjano na ncha ikawa bado hai, mmea unakula akiba yake yenyewe kwa kukosa nitrojeni. Na vile vitundu vya mviringo katika majani ya zamani ya Hygrophila ni dalili inayojulikana sana kwa mmea huo, ya kupungukiwa na potasiamu. Ukilinganisha haya na barua yako, utaona kwamba mimea yako ina njaa, na njaa hiyo umeipa wewe kwa nia njema.

Najua ulikotoa shauri la kuinyima nitrati, na si uongo. Rangi nyekundu ya majani haya hutokana hasa na kemikali iitwayo anthosianini, ambayo mmea huitengeneza kwa wingi zaidi unapopata mwanga mkali, na baadhi ya Rotala huidhihirisha zaidi nitrati inapokuwa chache, kwa kuwa utengenezaji wa umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, hupungua na wekundu hubaki ukionekana. Lakini shauri hilo ni kwa mmea uliokwisha kushiba na kukua kwa kasi, ambao mfugaji wake anaupunguzia nitrojeni kidogo, sema mpaka miligramu 5 kwa lita, huku potasiamu, fosfati, chuma na gesi ya kaboni vikiwepo bila ya kukatika. Mmea dhaifu ukifikishwa sifuri hauwi mwekundu. Huwa wa manjano, kama ulivyoshuhudia. Huko nyuma ulikwisha kuushibisha kupita kiasi kwa NPK ya shamba, ambayo aghalabu hubeba nitrojeni yake katika sura ya amonia au yurea, na amonia katika maji yenye pH ya 8 ni sumu kali kwa samaki. Mimea hii imeonja karamu na kiangazi katika miezi mitatu. Mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa matangi, kwa kipimo cha nusu ya kile kilichoandikwa kwenye chupa, mara mbili au tatu kwa wiki, ingeitendea haki zaidi kuliko vyote viwili. Misumari itoe, kutu haiyeyuki kwa kiasi cha kuulisha mmea katika maji kama yako. Hata chuma cha dukani kina shida yake hapa, kwani huuzwa kikiwa kimefungwa kwa kemikali ya kukishikilia kisigande: kile kilichofungwa kwa ile iitwayo EDTA huachana na kifungo chake mapema katika maji yenye pH ya juu, na kilichofungwa kwa DTPA hustahimili zaidi. Ndiyo maana wafugaji wa maji magumu hupenda pia kuzika vidonge vya udongo wenye mbolea karibu na mizizi.

Sasa nije kwenye kisima, ambacho umekihukumu mapema. Uliniambia kwamba Ludwigia ilipata wekundu ulipoanza kutumia maji ya jabia. Lakini wiki ile ile, binti yangu, uliwasha taa mpya. Na rangi iliporudi kufifia, ulikuwa umerudia kisima, umekata mbolea, na joto la Kaskazi limepanda, yote kwa mara moja. Nani basi aliyeleta wekundu, na nani aliyeuondoa? Mimi siwezi kusema, na sidhani kama wewe unaweza. Yawezekana kabisa kwamba taa ilifanya kazi zaidi ya mvua. Ludwigia repens, mwenyeji wa mabara ya Amerika, huvumilia maji magumu vizuri na hupata rangi ya shaba mpaka nyekundu palipo na mwanga na chakula. Sioni kwa nini digrii 12 peke yake zimshinde.

Tena ulipima kisima siku ya kwanza, lakini hukunipa kipimo cha tangi la leo. Chukua kijiko cha ule mchanga wa ufukweni, uanike ukauke, kisha udondoshee siki. Fanya vivyo hivyo kwenye jiwe la matumbawe. Pakitokota mapovu, umejua kwamba una chokaa ndani ya maji, inayoyeyuka pole pole na kuongeza ugumu. Na hapa pana jambo lililonisikitisha kwa ajili yako: gesi iliyotoka kwenye chupa yako ya hamira huyafanya maji yawe na ukali kidogo, na ukali huo ndio unaoyeyusha chokaa. Ulikuwa ukiilisha mimea kwa mkono mmoja na kuongeza ugumu kwa mkono mwingine. Zaidi ya hayo, maji yanapokauka chumvi na madini hubaki. Lita mbili za kisima kila jioni ni lita 14 kwa wiki, na madini yake yote yanalundikana. Ungejaza pengo hilo kwa maji ya mvua, na yale ya kubadilisha ukayachanganya, ungepata utulivu ambao mitungi minne ya ghafla haikuweza kukupa. Ukibadilisha lita 80 katika tangi la lita 120 kwa siku moja, mmea hauwezi kuzoea chochote.

Hamira nayo haipendi joto letu. Kwa nyuzi 31 huchemka kwa fujo siku mbili tatu kisha huzimika, na gesi inayopanda na kushuka hivyo huufurahisha mwani kuliko mimea. Ukiwa huna mtungi wa gesi wenye vali, ni heri kuishi bila ya gesi ya kuongeza, ukachagua mimea inayoweza, kuliko kuwa nayo Jumamosi na kuikosa Jumatano. Taa ipunguze iwe saa 7 au 8, na ubavu wa tangi unaotazama kiwanda uufunike kwa kitambaa asubuhi, maana jua la muda wa saa mbili linalopiga kwa pembeni linaotesha nyuzi kwenye kioo. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ingawa ukaukaji nao huongezeka.

Kuhusu kupogoa naomba uniamini. Unachokihofia ndicho kinachoipa mimea hii maisha. Kata ncha zenye afya, sentimita 10 mpaka 12, ukipitisha makasi makali chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya vifundo viwili vya chini, kisha panda kila kipando peke yake, ukiacha sentimita mbili baina yake na mwenzake. Usiyarudishe yale mafungu yaliyobanwa kwa risasi, kwani mashina ya katikati hukosa mwanga na huoza, na nadhani ndivyo macrandra yako ilivyoanza kuoza kwa chini. Shina lililobaki na mizizi litachipua machipukizi mawili, na hivyo ndivyo kichaka kinavyonenepa. Mabaki ya kupogoa yaanike juani mpaka yakauke kabisa kabla ya kuyatupa. Hygrophila polysperma iliponyoka katika jimbo la Florida, huko Marekani, imekuwa magugu ya mifereji, nami sitaki kuisikia katika dimbwi lolote la pwani yetu.

Rotala macrandra ni habari nyingine. Asili yake ni India, hupenda maji laini, gesi ya kutosha na joto la wastani, na wafugaji wa miaka mingi wenye mitambo ghali humpoteza. Ikiwa picha iliyo moyoni mwako ni ya mmea huu, inafaa ujiulize kama umejiwekea kipimo cha haki. Mimi hapa Malindi, kwa maji ya bomba yatokayo visima vya Baricho, nilimjaribu mara tatu nikamwacha, na tangi langu leo lina Ludwigia, Bacopa caroliniana na Rotala rotundifolia yenye ncha za waridi tu. Sijaona kwamba kijani kilicho hai karibu na kidogo cha waridi ni kushindwa. Lakini hilo ni jicho langu, na jicho lako ni lako.

Nije kwa ami. Umeniuliza umwambie nini, nami nimejiuliza kama unajua unamwomba kiasi gani. Tufanye hesabu. Ukibadilisha lita 36 kwa wiki, nusu mvua na nusu kisima, unahitaji lita 18 za jabia. Ongeza lita 14 za kufidia ukaukaji. Jumla ni lita 32, yaani mtungi mmoja na nusu kidogo, si mitungi minne. Mwezi wa Kaskazi, jabia likiwa limeshuka na masika hayajafika, hata hizo si chache, na ami ana haki ya kukataa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wa nyumba wana maji ya kunywa mpaka mvua ya Aprili. Lakini kumwendea na kiasi kinachojulikana, baada ya kukiri kilichopita, ni tofauti na alichokikuta ukutani. Katika barua yako sikuona mahali alipokataa. Aliuliza, wewe ukanyamaza, na ukalichukua swali kuwa ni katazo. Pengine nyanya yako angeweza kukaa nanyi. Katika majumba ya zamani ya Lamu, samaki wadogo waliwekwa ndani ya birika za chooni, yaani matangi ya maji yaliyojengwa humo, ili wale viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kauri lililazwa chini ili wapate pa kukimbilia maji yakipungua. Kutunza samaki kwa maji ya nyumba si jambo geni kwa watu wa umri wake. Ziko pia hatari: huenda akakasirika kwa kujua muda wenyewe, huenda akakuambia usubiri masika. Kusubiri nako si kupoteza, kwa sababu Ludwigia na Hygrophila zinaweza kuanza kupona katika maji ya kisima pindi njaa ikiisha na chokaa ikitolewa.

Sasa mama wa Shela. Kabla ya kuzungumza juu ya njia zako, kuna swali ambalo barua yako haikuligusa, nami naliona kubwa kuliko yote: tangi lile litaishi Shela, si Mkomani. Maji yake ni ya kisima gani? Nyumba ile ina jabia, au tangi la mvua, au mtambo wa kusafisha maji ya chumvi? Sebule inapata upepo? Umeme ukikatika, taa inategemea nini? Umekuwa ukihangaika kuyatengeneza maji ya msana wenu kwa ajili ya mimea itakayoogelea katika maji mengine kabisa. Ukichukua karatasi zako za kipimo na chupa tupu ukaenda Shela asubuhi moja, huenda ukakuta maji mepesi kuliko yenu, na nusu ya mashaka yako ikaisha. Huenda pia ukakuta yana munyu kuliko yenu, na hapo ni bora ujue leo kuliko siku ya Pasaka.

Njia ya binamu yako ina jambo moja la kweli ndani yake: hakuna aibu kununua mimea iliyokwisha kukua, mafundi wengi hufanya hivyo. Kinachokusumbua moyo, nadhani, ni kile kimya kitakachoambatana nayo. Mimea ya hewani ikipandwa siku mbili kabla ya wageni itapendeza kwa wiki moja au mbili, kisha itaacha majani sebuleni mbele ya watu, na wa kuitwa utakuwa wewe. Ukiagiza vichaka hivyo sasa badala ya wakati ule, na ukataka vilivyokuzwa chini ya maji, vingepata wiki tano za kuzoea. Ila fedha zaidi zitatoka, na hakuna wa kukudhaminia wekundu.

Kurudisha arubuni kunakuondolea tarehe shingoni. Umebakiwa na shilingi 11,000, na 14,000 zingeweza kwenda kwa mafungu ikiwa mama ataridhia. Gharama yake ni kwamba atalikosa tangi ambalo huenda bado analitaka, na wewe hutajua kamwe kama angekubali kitu kingine. Maana hukuniambia kwamba alitaka wekundu, binti yangu. Uliniambia kwamba alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema anataka tangi kama lile. Neno wekundu umelitia wewe. Huenda ndilo alilolikusudia. Huenda pia lililomnyamazisha ni kule kuona kichaka kikitikisika majini ndani ya nyumba ya mawe wakati wa joto.

Iko pia njia ya kumwendea na ukweli wote na kipando mkononi: kumweleza kwamba majani aliyoyaona yalikuwa ya shambani, kwamba kwa Pasaka unaweza kumpandia tangi la kijani lenye Ludwigia na Bacopa likianza kuota, na kwamba rangi itafuata mwezi hadi mwezi kwa kadiri ya maji ya kwake, huku wewe ukienda kulipogoa kila baada ya wiki mbili. Anaweza kukubali na kupunguza bei. Anaweza kukataa na kudai fedha yake, na hapo utakuwa umerudi kwenye njia ya pili bila ya kupenda. Wewe unamjua tangu utoto, mimi simjui. Uzito wa kila njia utaupima wewe.

Kwa wiki hii ningeanza na yale yasiyodai uamuzi wowote: siki juu ya mchanga, kipimo cha maji yaliyo ndani ya tangi, mbolea kidogo, na vipando kumi vya Ludwigia vilivyopandwa kimoja kimoja. Saa za taa usizipunguze bado, wala maji usiyabadilishe kwa siku hizo, ili tujue ni nini kimefanya nini. Baada ya siku kumi hivi utaona jozi mbili au tatu za majani mapya kwenye ncha. Niandikie rangi yake, urefu wa pingili zake, na kile ulichokipima Shela.

Nakuombea kheri wewe na wote wa nyumbani, na nyanya mfikishie salamu zangu.

Mshauri wako, Malindi